Daktari Aliyeingia Kinyumenyume

Simu ilinipata ndani ya matatu, Ngong Road, magari hayasongi. Alikuwa dada wa mapokezi katika kliniki moja ya meno huko Kilimani, ambako tangi lao la samaki nalihudumia kila baada ya wiki mbili. "Fundi, yule kangaja ameraruliwa mkia. Wagonjwa wameanza kuuliza kama samaki wetu wanapigana."

Nilimjibu kwamba nitapita alasiri, na kwamba bila shaka ni chewa. Nilikosea. Tena hilo lilikuwa kosa langu la nne katika kisa hiki, si la kwanza. Nakiandika chote, na makosa yangu yamo, kwa sababu samaki aliyenichezea shere ni yule niliyekuwa nikijivunia kumjua vitabuni.

Tangi lenyewe ni la lita 900, limejengewa ukutani kati ya viti vya wanaosubiri na mlango wa chumba cha matibabu. Maji ya bahari hapa Nairobi ni ya kutengeneza: maji yaliyochujwa, chumvi maalumu takriban gramu 35 kwa kila lita, na hita mbili za kushikilia joto kwenye nyuzi 25, maana Julai ya huku juu haina huruma na kiumbe aliyezaliwa Shimoni, huko pwani. Humo walikuwamo kangaja wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la njano, kitatange mmoja mwenye uzi mrefu unaoning'inia nyuma ya pezi, jozi ya samaki wa anemoni waliozalishwa matangini, na chewa mchanga mwekundu mwenye madoa ya buluu, urefu wake kama kiganja changu. Walikuwamo pia vidagaa watano wa matumbawe, wa kijani. Kufikia Aprili walibaki watatu, na sikuhitaji kumuuliza mtu wawili wameenda wapi. Kwenye jiwe la katikati niliotesha minyoo kumi na mmoja wa vibomba, wale wanaochomoza taji la manyoya na kulirudisha ndani ghafla kivuli kikipita. Watoto wanaosubiri kung'olewa meno huwapenda kuliko samaki wote.

Mwishoni mwa Mei kangaja alitoka vidoa vyeupe mwilini. Mwenye kliniki alikuwa ameona mahali fulani kwamba yuko samaki anayewasafisha wenzake, akataka anunuliwe. Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza, nami nililijua ni kosa huku nikilifanya. Msafishaji halisi, yule ambaye wataalamu humwita Labroides dimidiatus, hula hasa vijidudu wa jamii ya kamba wanaojibandika juu ya ngozi na kunyonya damu. Baharini mmoja huweza kula kama 1,200 kwa siku. Kimelea cha vidoa vyeupe hujichimbia chini ya ngozi, na mdomo wa msafishaji haumfikii. Kangaja nilimtibu kwa dawa ya shaba katika tangi la pembeni, akapona. Lakini mteja ni mteja. Nilikwenda kwenye duka moja la samaki mjini, nikauziwa samaki wa kama sentimita 7 ndani ya mfuko uliojazwa oksijeni, umeandikwa kwa kalamu nene: DAKTARI. Rangi ilikuwa ileile: mwili mweupe unaoishia kwa buluu mkiani, na mstari mweusi unaoanza puani, unapita jichoni na kupanuka kadiri unavyoelekea mkia. Sikumtazama mdomo. Nani humtazama samaki mdomo ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa ukungu?

Dada wa mapokezi alifurahi. "Sasa kliniki ina madaktari wawili," akasema.

Wiki ya kwanza minyoo watatu walipoteza mataji. Vibomba vilibaki vimesimama kama mirija ya soda iliyosahauliwa mezani. Mimi moja kwa moja nikamshika kitatange. Ushahidi ulikuwa mzuri mno: kitatange wa aina ile hula minyoo na nyama laini ya matumbawe baharini, mdomo wake umechongoka kwa kazi hiyohiyo, na siku ileile nilimkuta akidonoadonoa kando ya jiwe. Kwamba alikaa na minyoo hao miezi saba bila kuwagusa, sikulipa uzito. Nilimtoa, nikampeleka kwa mteja mwingine Lavington mwenye tangi la samaki watupu. Wiki iliyofuata mataji mengine manne yakaenda. Nikajiambia kwamba walikwisha kujeruhiwa tangu awali.

Wiki ya tatu jozi ya samaki wa anemoni walitaga kwenye kigae nilichowawekea. Mayai yao huanza na rangi ya chungwa, kisha hutiwa weusi, na kama siku ya saba, giza likiingia, huanguliwa. Haya hayakufika siku ya tatu. Jozi changa hula mayai yao wenyewe mara nyingi, kila fundi anajua hivyo, kwa hiyo nikawalaumu wazazi. Walitaga tena, yakaliwa tena, ila safari hii dada wa mapokezi alinipa jambo ambalo lingenitosha kama ningekuwa msikilizaji: mayai yalikuwapo alipofungua kliniki saa mbili, na yalikuwa yamekwisha alipomaliza kuwalisha saa nne. Saa nne ndipo chakula hutiwa upande wa kushoto, juu, na wazazi wote wawili huacha kigae na kukimbilia huko. Mlaji wa mayai alikuwa anajua ratiba ya kliniki.

Kisha ikaja ile simu ya mkia.

Nilipofika, kangaja alikuwa na kipande kimetoka kwenye pezi la mkia, ukingo wake umekatwa kwa mviringo safi kama kuki iliyong'atwa. Chewa hafanyi hivyo. Chewa hufungua mdomo na kuvuta. Kinachoingia kinaingia kizima. Dada wa mapokezi akasema kwa utulivu kabisa, "Ni daktari. Nimemwona kwa macho yangu, amemjia kwa nyuma."

Nikampa mhadhara. Nikamweleza kwamba hata msafishaji wa kweli huuma: ute wa ngozi ya samaki anaupenda kuliko vimelea, basi mara mojamoja huiba, na mteja wake hushtuka kwa mtikisiko mdogo unaoonekana wazi. Nikamweleza pia kwamba watafiti walikwisha kuonyesha kuwa msafishaji huiba kidogo akijua kuna samaki wengine wanaomtazama, kwa kuwa mteja anayesubiri akiona mwenzake anaumizwa huenda zake. Yote ni kweli. Na yote yalikuwa kando ya swali, kwa sababu ute ukiibwa hauachi tundu kwenye pezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kupokea simu.

Usiku ule nilibaki. Askari wa jengo, mzee mmoja kutoka Kakamega, aliniruhusu kwa sharti nisiwashe taa za ukumbini. Nilikuwa na tochi yenye mwanga mwekundu, ambao samaki wengi hawaujali. Nilichotafuta ni shuka. Msafishaji wa kweli akilala hujichomeka kwenye ufa na kujifunika kifuko cha ute, chepesi kama karatasi ya nailoni, na asubuhi hukiacha. Nilipitisha mwanga kila ufa. Hapakuwa na kifuko. Katika tundu moja la mwamba, pana kama kalamu, kulikuwa na uso: macho mawili, paji la uso, na mdomo uliokuwa chini ya pua badala ya kuwa mbele yake. Nilipogonga kioo kidogo uso ule haukugeuka. Ulirudi nyuma, ukazama, tundu likawa jeusi.

Nilimpigia simu mpiga mbizi mmoja wa pwani ya kusini ambaye amevua samaki wa mapambo tangu ujana wake, nikamwomba radhi kwa usiku. Hakuuliza rangi wala urefu.

"Ukimtisha huingia kichwa mbele au kinyumenyume?"

"Kinyumenyume."

"Basi ndugu yangu, huyo si yule."

Kumkamata kulichukua siku mbili na chupa ya soda iliyokatwa shingo. Tulimweka kwenye bilauri ya kioo juu ya meza ya chumba cha matibabu, baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka, na mwenye kliniki akavaa miwani yake ya kukuza. Nadhani sitapata tena nafasi ya kumwona samaki akichunguzwa na mtu anayefanya kazi ya meno miaka ishirini. Alianza na ngozi: "Huyu hana magamba." Kweli hakuwa nayo. Msafishaji wa kweli anayo, madogo. Pezi la mgongoni lilianzia mbele sana, karibu na kisogo. Samaki alipopanua taya kwa hasira, daktari wa meno akavuta pumzi. Mbele kulikuwa na safu ya meno membamba yaliyobanana kama kitana, na nyuma yake, kwenye taya la chini, chonge mbili zilizopinda, kubwa kupita kiasi kwa kinywa kile.

"Haya ya mbele ndiyo yaliyokata mkia," akasema. "Chonge hizi hazikati. Ziko nyuma mno. Mtu mwenye meno haya anayaweka kwa ajili ya anayemshika."

Alikuwa amesema, bila kujua, jambo ambalo wataalamu wa jamii hii wamelifikia pia: chonge zile ni silaha ya kujitetea na kugombana, wala hazitumiki kulia chakula. Samaki huyo ni Aspidontus taeniatus, mwigaji wa msafishaji, lakini wa jamii nyingine kabisa, hata undugu wa mbali wa kuelezea kufanana kwao haupo. Nina kichekesho kimoja hapa ambacho hunifurahisha kila nikikikumbuka: wanasayansi wa Kifaransa Quoy na Gaimard walimpa huyu mwigaji jina la kisayansi mwaka 1834, na mwenzao Valenciennes akampa jina msafishaji halisi mwaka 1839. Katika daftari la sayansi, bandia alisajiliwa miaka mitano kabla ya asili.

Sasa nije kwenye lile lililonisumbua zaidi ya mikia. Vitabu nilivyosomea vilisema jambo moja: mwigaji hujivika sura ya msafishaji ili samaki wasimame, wafungue mapezi, naye awang'ate. Ni hadithi tamu, ina mjanja na mjinga, inasimulika. Kwa hadithi hiyo nilipaswa kutazamia mapezi kung'atwa tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Alianza na minyoo, akaingia kwenye mayai, na mapezi yakaja wiki ya tano, minyoo imekwisha na samaki wa anemoni wameacha kutaga. Mapezi kwake yalikuwa ugali wa njaa.

Mtafiti wa Kijapani, Tetsuo Kuwamura, aliliuliza swali hili upya mwaka 1983 kwa kuwafuata waigaji hawa majini na kuangalia wanakula nini hasa. Aliona wanakula zaidi mayai ya samaki wanaotaga kwenye mwamba, pamoja na mataji ya minyoo wa vibomba. Kung'ata mapezi kulikuwa jambo dogo. Uchunguzi wa baadaye huko Okinawa, Japani, yeye akiwamo, uliongeza umri kwenye hesabu: wadogo ndio wanaong'ata mapezi zaidi, kwa sababu hawana ubavu wa kuvamia mayai yanayolindwa, wakikua hujiunga makundi, wakavamia viota kwa pamoja huku mzazi akishindwa amfukuze nani. Mgeni wetu wa sentimita 7 alikuwa mdogo na peke yake. Saa nne ya kulisha samaki ndiyo iliyomfanyia kazi ambayo baharini ingefanywa na kundi.

Kama basi mapezi si shabaha kuu, sura ile ya msafishaji inamlipa nini? Kuwamura aliegemea kwenye ulinzi, nami baada ya tangi la Kilimani naegemea hapohapo. Shahidi wangu ni chewa. Chewa yule alivuliwa baharini, akala vidagaa wawili mbele ya wagonjwa, na angemmeza samaki mwembamba wa sentimita 7 bila kutafuna. Wiki zote zile hakumgusa. Zaidi ya hilo, siku ya pili baada ya mgeni kuwekwa nilimwona chewa akisimama wima kidogo, akapanua mdomo na mashavu, akatulia, kama afanyavyo samaki wa baharini anapomwomba msafishaji aingie. Mgeni alipita karibu na ule mdomo, akauacha, akaendelea zake kwenye minyoo. Nilipoliona nilimwambia dada wa mapokezi, "Umeona, daktari anafanya kazi." Hakuna kazi iliyofanyika pale. Palikuwa na mlaji aliyemwona mtu asiyeliwa, na mtu huyo akapita mchana kweupe kwenda kuvunja nyumba ya mwingine. Ukiwa na ngozi ile huhitaji kukimbia wala kujificha. Unaweza kuzunguka mwamba mzima ukitafuta kigae kisicho na mlinzi. Najua, chewa mmoja kwenye tangi moja hathibitishi kitu. Lakini hadithi ya mwizi wa mapezi nayo ilienea kwa miaka mingi kabla mtu hajakaa chini akahesabu milo.

Mantiki hii ya kuvaa ngozi ya asiyeliwa aliieleza mtafiti wa Kiingereza, Henry Walter Bates, mwaka 1862 kwa vipepeo wa Amazon, na kwenye miamba yetu imejaa. Yuko bunju mdogo mwenye mikanda minne myeusi mgongoni, Canthigaster valentini, mwenye sumu. Na yuko samaki wa jamii nyingine, Paraluteres prionurus, asiye na sumu yoyote, aliyejichora mikanda ileile hata wavuvi huwachanganya. Mwaka 2003 watafiti Caley na Schluter walichapisha jaribio walilotumia sanamu za samaki: walaji waliziepuka zilizofanana na bunju, na hata zile zilizofanana nusunusu zilipata nafuu. Yuko pia samaki Calloplesiops altivelis, mweusi mwenye vidoto vyeupe, ambaye akitishwa huingiza kichwa tunduni na kuacha mkia nje, na ule mkia pamoja na doa lake la jicho hugeuka kuwa kichwa cha mkunga. Huyo yeye huingia kichwa mbele makusudi. Hakuna kati yao anayeigiza ili amng'ate mtu.

Limebaki jambo la hesabu, na hapa ndipo tangi linapoachana na bahari. Uigaji wa namna hii huishi kwa uchache. Samaki akikutana na wasafishaji wa kweli wengi na bandia mmoja, kumwamini kila mwenye mstari mweusi kunamlipa. Kliniki ilikuwa na bandia mmoja na wa kweli sifuri. Kufikia wiki ya sita kangaja alikuwa akimwona tu anageuza ubavu na kuonyesha ule wembe wa kando ya mkia. Samaki wa anemoni, waliozaliwa matangini na hawajawahi kumwona msafishaji maishani, walimfukuza tangu mwanzo kama walivyomfukuza kila mtu, mkono wangu ukiwamo. Aliyeendelea kumheshimu ni chewa peke yake, na chewa hakuwa ameng'atwa.

Duka nililonunua sikulilalamikia sana. Muuzaji aliniambia alipokea boksi limeandikwa hivyo. Namwamini, kwa sababu baharini samaki hawa huzunguka palepale, na wavu hauulizi mdomo uko mbele au chini. Pesa hakurudisha.

Kumrudisha samaki baharini haikufaa, maana aliyekaa na wagonjwa wa matangi hubeba magonjwa ya matangi. Nimemweka nyumbani South B, tangi la lita 60, peke yake, anakula kamba waliokatwakatwa. Mwanangu humgongea kioo makusudi amwone akirudi nyuma. Kliniki nilikataa kuwanunulia msafishaji wa kweli pia, kwa kuwa wengi wao matangini hukonda kwa kukosa vimelea vya kutosha. Niliwaletea kamba msafishaji, mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, nikamweka kwa hofu kwamba chewa atafanya aliyoyafanya kwa vidagaa.

Kamba alipanda kwenye jiwe, akatikisa papasi zake ndefu nyeupe. Chewa akasogea, akapanua mdomo, akatulia. Kamba akaingia na miguu miwili ya mbele, akaanza kuchokonoa mashavuni. Mkia wa kangaja umeota karibu wote, umebaki mfinyo mdogo ukingoni. Yeye hukaa upande wa pili wa jiwe, na kamba akisogea, husogea. Kitatange nimemwomba kwa mteja wa Lavington mara mbili. Anasema watoto wamekwisha kumpa jina.